Hisabati ya uhandisi mwaka wa kwanza: uanzie wapi?

Marahaba, kijana. Umeandika kwamba ulimaliza stashahada ya uhandisi ujenzi katika chuo cha ufundi, ukaingia mwaka wa kwanza wa shahada, na sasa una sup ya Hisabati huku zikiwa zimebaki wiki nane kabla ya mtihani wa marudio. Unasema diferensiesheni unaiweza na kanuni zake umezikariri, ila swali likija kwa maneno hujui ulishikie wapi, na wenzako waliotoka kidato cha sita na PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) wanakwenda kwa kasi usiyoifikia. Umeuliza mambo matatu: uanze na mada ipi, kama ni lazima ujue uthibitisho wa kila kanuni, na kwa nini mhandisi ahangaike na integresheni kwa mkono ilhali kompyuta ipo.

Swali la kwanza ndilo litakalochukua nafasi kubwa, na jibu lake pengine halitakufurahisha: usianze na kalkulasi, yaani diferensiesheni na integresheni. Anza na aljebra ya kidato cha tatu na cha nne, na uipitie kwa ukali ambao hukuwahi kudaiwa ulipokuwa sekondari. Katika karatasi za mwaka wa kwanza ninazosahihisha, swali la integresheni aghalabu huharibika kwenye mstari wa pili, pale mwanafunzi anapofungua mabano bila kubadili alama au anapojumlisha sehemu zenye asili tofauti kana kwamba zinafanana, kabla hata integresheni yenyewe haijafikiwa. Mwanafunzi huyo hutoka akiamini kwamba kalkulasi imemshinda, anarudi kukariri kanuni nyingine za kalkulasi, na kosa lenyewe linabaki palepale likimsubiri muhula ujao.

Chukua kosa moja ambalo, kama hukuwahi kulifanya, basi umewahi kumwona jirani yako darasani akilifanya: kuandika kwamba kipeuo cha pili cha a² + b² ni a + b. Weka a = 3 na b = 4. Upande mmoja unapata 5, wa pili unapata 7, na ubishi umekwisha. Kwenye mtihani kosa hilo linagharimu alama mbili, lakini kazini bei yake ni nyingine. Koili yenye ukinzani wa omu 10 na induktansi ya henri 0.05, ikiunganishwa kwenye umeme wa nyumbani wa volti 230 na hezi 50, huwa na riaktansi (kizuizi cha koili kwa umeme unaogeuka mwelekeo) ya omu 15.7. Anayejumlisha moja kwa moja atapata omu 25.7 na kutangaza kwamba mkondo ni ampea 8.9. Hesabu sahihi ni kipeuo cha pili cha 10² + 15.7², yaani omu 18.6, na mkondo ni ampea 12.4. Aliyechagua fyuzi ya ampea 10 kwa kufuata hesabu ya kwanza atakuwa ameibebesha mkondo unaozidi kiwango chake, na ikileta shida pengine atamlaumu fundi aliyeifunga.

Jaribio hilo la kuweka namba ulifanye tabia. Kila unapotilia shaka hatua ya aljebra, weka namba pande zote mbili uone kama zinakubaliana. Usiweke 0, 1 wala 2, kwa maana namba hizo huficha makosa: 2 + 2 ni sawa na 2 × 2, na mtu anaweza kupitisha upuuzi mtupu kwa kuujaribu na mbili. Weka 3 na 5, au 7. Mwanafunzi mwenye tabia hiyo hahitaji majibu ya nyuma ya kitabu ili ajue kama amepotea, na tofauti yake na mwenzake asiyekuwa nayo huanza kuonekana ndani ya mwezi mmoja.

Wiki mbili za kwanza, basi, zitumie kwa mambo haya: kupanga fomula upya ili herufi unayoitaka ibaki peke yake, sehemu zenye herufi kwenye asili, vipeo hasi na vipeo vya sehemu, logariti, kukamilisha mraba, kuvunja sehemu moja kubwa kuwa jumla ya sehemu ndogo, na ulinganifu mkuu wa trigonometria, sin²x + cos²x = 1. Fanya mazoezi mengi mafupi kila siku, kwa kalamu, pasipo kuangalia mfano. Saa moja kila asubuhi itakufaa kuliko Jumamosi nzima ya kukesha.

Wiki ya tatu ni ya fanksheni, na hapa huna sababu ya kukawia kama unaweza kuchora kwa kichwa, bila kikokotoo, grafu za x², 1/x, √x, eˣ, ln x, sin x na cos x, na kueleza kwa sentensi moja kinachotokea kila moja inapokaribia sifuri na inapokwenda mbali sana. Usipoweza kuichora fanksheni, derivativu yake, yaani kasi ya kubadilika kwake, kwako itakuwa alama tu za wino. Neno la pembeni: hakikisha kikokotoo chako kiko kwenye radiani unapofanya kalkulasi. Derivativu ya sin x ni cos x pale tu pembe inapopimwa kwa radiani. Ukipima kwa digrii inaingia namba ya ziada, π gawanya kwa 180, na kila jibu litakalofuata litaharibika pasipo kukupa dalili yoyote.

Sasa tuje kwenye maswali ya maneno, ambayo ndiyo shida yako halisi. Nitakupitisha kwenye swali moja tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu naona utanufaika zaidi hivyo kuliko nikikutajia mada ishirini. Kuna tanki la maji lililo wima, eneo la kitako chake ni mita 1 ya mraba, na maji yana kina cha mita 1, yaani lita 1,000. Chini kabisa kuna tundu la duara lenye kipenyo cha sentimita 2. Maji yataisha baada ya muda gani?

Kabla ya kuandika mlinganyo wowote, kisia. Torricelli, Mwitaliano wa karne ya 17, alionyesha kwamba maji hutoka tunduni kwa mwendokasi wa √(2gh), g ikiwa mchapuko wa mvutano wa dunia na h kina cha maji, sawasawa na kitu kilichoanguka kutoka kimo h. Kwa kina cha mita 1, hiyo ni mita 4.43 kwa sekunde. Eneo la tundu ni mita za mraba 0.000314, kwa hiyo mwanzoni zinatoka lita 1.39 kila sekunde. Kama kasi hiyo ingedumu, tanki lingekauka baada ya sekunde 719, yaani dakika 12 hivi. Lakini haiwezi kudumu, kwa kuwa kina kinapungua na maji yanatoka kwa unyonge zaidi na zaidi. Jibu sharti lizidi dakika 12. Hujaigusa integresheni bado, na tayari una mpaka ambao jibu lako haliruhusiwi kushuka chini yake.

Hatua ya pili ni kuandika sentensi, na ninasisitiza kwamba iwe sentensi kamili, si alama: kiasi cha maji kinachopungua tankini kila sekunde ni sawa na kiasi kinachopita tunduni kila sekunde. Anayekwama kwenye maswali ya maneno kwa kawaida hajapungukiwa na kanuni. Amepungukiwa na sentensi hii. Ukishaipata, kuigeuza kuwa mlinganyo ni kazi ya ukarani tu. Kupungua kwa maji tankini ni eneo la kitako A mara kasi ya kushuka kwa kina; kinachopita tunduni ni eneo la tundu a mara mwendokasi. Kwa hiyo A × dh/dt = −a√(2gh), na alama ya kutoa imekuja kwa sababu h inapungua kadiri muda unavyokwenda. Sentensi ya namna hiyo, ya kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki, utaikuta tena katika joto linalopita ukutani, katika chumvi inayoyeyuka kwenye pipa linalotiririka, katika chaji ya kapasita, na binamu yake, usawa wa kani, utakutana naye kwenye kila boriti utakayoisanifu.

Integresheni yenyewe, ambayo ndiyo iliyokutia hofu, inachukua mstari mmoja. Unapeleka vyote vyenye h upande mmoja na vyenye t upande wa pili, unapata h kwa kipeo cha −½, integrali yake ni 2√h, na ukiweka mipaka kutoka kina cha mwanzo hadi sifuri unapata muda wa maji kuisha, T = (A/a) × √(2h/g). Kwa namba zetu ni sekunde 1,437, yaani dakika 24 hivi.

Usifunge daftari hapo. Angalia kwamba jibu ni maradufu kamili ya kisio la mwanzo, na jiulize kwa nini. Ukichunguza mlinganyo utaona kwamba √h hupungua kwa mstari ulionyooka kadiri muda unavyopita. Kwa hiyo mwendokasi wa maji nao unashuka kwa usawa kutoka 4.43 hadi sifuri, wastani wake ni nusu, na muda unakuwa mara mbili. Kutokana na hilo unaweza kupata pia kwamba nusu ya kwanza ya maji hutoka kwa dakika 7 tu na nusu ya pili huchukua dakika 17. Kisha hakiki vizio: A/a haina kizio, h/g ina sekunde za mraba, kipeuo chake ni sekunde, basi T ni muda kama ilivyotakiwa. Hakiki na ncha: tundu likiwa dogo mno, T inakuwa kubwa mno, jambo ambalo lina mantiki. Kama ungekuwa umepata fomula ambayo tundu dogo linakausha tanki haraka, ungejua umekosea bila kuambiwa na mtu.

Halafu, ukipata nafasi, toboa ndoo ufanye kweli. Utaona kwamba maji huchelewa kuliko fomula inavyosema. Kwa tundu lenye kingo kali, mkondo wa maji hujibana ukishatoka, na kiasi kinachopita huwa takriban asilimia 60 ya kile tulichokisia, hivyo tanki letu lingechukua karibu dakika 40. Integresheni haikukosea popote. Ni sentensi yetu ya mwanzo iliyosahau kujibana huko. Ndiyo maana nakuambia kwamba katika uhandisi sentensi hiyo ina uzito kuliko mbinu inayoifuata.

Wiki tatu baada ya fanksheni zitumie kwa maswali ya aina hii, machache kwa siku, kila moja kwa mpangilio huo: kisio, sentensi, mlinganyo, hesabu, ukaguzi. Wiki mbili za mwisho ndizo za mitihani ya zamani. Najua wanafunzi wengi huanza na mitihani hiyo, na wakishazoea sura za maswali hujiona wameiva. Mtunga mtihani akibadilisha tanki la wima kuwa la umbo la pia, darasa zima linashika kichwa. Kwenye diskasheni zenu, msigawane maswali kila mtu na lake. Mmoja asimame ubaoni aeleze kwa Kiswahili kwa nini kila mstari umefuata uliotangulia, kisha kila mtu aandike jibu kwa Kiingereza kama mtihani unavyotaka. Aliyenyamaza siku nzima akinakili huwa hajasoma, hata kama daftari lake ndilo safi kuliko yote.

Kuhusu mada nyingine nitakuwa mfupi. Namba changamano msizione kama mchezo wa kuwaza kipeuo cha −1. Faida yake kwa mhandisi ni kwamba kwa mawimbi yenye hezi zilezile hugeuza diferensiesheni kuwa kuzidisha tu, na hesabu ile ya koili niliyoieleza juu ni pembetatu mraba kwenye bapa la namba changamano. Takwimu nazo msizidharau, hasa ninyi wa ujenzi. Michemraba ya zege kutoka kwa wachanganyaji wawili inaweza kuwa na wastani uleule wa megapaskali 30, lakini mmoja mtawanyiko wake (standard deviation) ukiwa 2 na mwingine 6, nguvu bainifu ya zege, yaani wastani ukitoa 1.64 mara mtawanyiko, itakuwa 26.7 kwa wa kwanza na 20.2 kwa wa pili. Kama ulitakiwa zege la 25, mmoja anapita na mwingine hapiti, na wastani peke yake usingekuambia lolote.

Matriksi zinastahili neno zaidi kidogo, kwa kuwa hufundishwa kana kwamba ni kanuni za kuzidisha mistari na safu tu. Fikiria kenchi. Kila kiungo chake kinakupa milinganyo 2 ya usawa wa kani. Mraba wa viungo 4 una milinganyo 8, ilhali visivyojulikana ni kani za vipande 4 na za egemeo 3, jumla 7. Mraba huo unayumba, kama fundi yeyote wa paa anavyojua. Ongeza kipande cha mshazari na hesabu inatimia 8 kwa 8. Sasa chukua miraba miwili iliyoungana, yenye viungo 6 na vipande 7, uongeze mishazari 2: milinganyo 12, visivyojulikana 12, kila kitu kimetimia. Lakini ukiiweka mishazari yote miwili kwenye mraba mmoja na kuuacha wa pili mtupu, paa halisimami, na determinanti ya matriksi yake, namba inayoonyesha kama milinganyo ina jibu moja tu, ni sifuri. Ukielewa mfano huo umeelewa determinanti kuliko aliyekokotoa mia moja bila kujua zinasema nini.

Swali lako kuhusu kompyuta ni la haki. Kazini hutakokotoa integrali nyingi kwa mkono, na mimi mwenyewe sikokotoi. Programu kama GNU Octave inapatikana bure, na hata karatasi ya mahesabu ya kawaida inatosha kwa kuanzia. Chukua tanki lilelile, uiambie kompyuta ipige hatua za sekunde 120: kina kipya ni kina cha sasa ukitoa kasi ya kushuka mara 120. Baada ya hatua moja itakupa sentimita 83.3. Ukitumia hatua mbili za sekunde 60 itakupa 83.7. Jibu la kweli, kutoka kwenye integresheni, ni 84.0. Kosa limepungua nusu pale hatua ilipopunguzwa nusu, na hiyo ndiyo tabia ya njia hii, iliyobuniwa na mwanahisabati Euler. Lakini umewezaje kujua kwamba 83.3 ina kosa? Kwa sababu ulikuwa na jibu la mkono la kulinganisha. Kompyuta haitakuambia kwamba umesahau alama ya kutoa. Itakuchorea grafu nzuri ya tanki linalojijaza lenyewe. Vivyo hivyo kwa programu za simu zinazopiga picha swali na kutoa jibu hatua kwa hatua: zitumie baada ya kufanya, kwa kukagua, kamwe si kabla.

Na kuhusu uthibitisho, jibu ni hapana, si lazima kwa kila kanuni. Kilicho lazima ni kujua kanuni inafanya kazi katika mazingira gani na inaacha kufanya kazi wapi. Mwalimu wa Fizikia alikufundisha kwamba kwa pembe ndogo sin x ni takriban x. Mfululizo wa Taylor, unaoandika fanksheni kama jumla ya vipande vyenye vipeo vya x, unakueleza "ndogo" ni ipi: kipande kinachofuata ni x³/6, kwa hiyo kwa digrii 10 kosa ni nusu ya asilimia, na kwa digrii 30 linakaribia asilimia 5. Kwa mhandisi habari hiyo ina thamani kuliko uthibitisho mzima wa mfululizo wenyewe. Hata hivyo, yapo machache ambayo ningependa uweze kuyatoa mwenyewe kwenye karatasi tupu: derivativu ya x² kutoka kwenye maana yake ya asili, kanuni ya derivativu ya zao la fanksheni mbili, na sababu ya integresheni kuwa kinyume cha diferensiesheni, hii ya mwisho hata kwa mchoro wa eneo chini ya mkunjo. Epsiloni na delta, yaani uthibitisho rasmi wa kikomo cha fanksheni, ziache hadi upite mtihani huu, isipokuwa kama mhadhiri wako amesema wazi kwamba atazitahini.